Printa ya Bunda

Miriamu Machage alikuwa na maduka matatu ya pembejeo na dawa za mifugo: moja Musoma mjini, moja Bunda, na jingine Butiama. Kwa miaka mingi aliyaendesha yote matatu kwa simu moja ya mkononi na sauti yake mwenyewe, na sauti hiyo ilikuwa kubwa. Wauza vitenge waliopanga jirani naye Musoma walijua bei ya dawa ya kuogeshea ng'ombe bila kuuliza, maana Mama Machage aliitangaza kwenye simu tangu anafungua duka mpaka anafunga.

"Nicolaus! Dawa ya minyoo imebaki kiasi gani huko Butiama? Imekwisha? Tangu lini imekwisha?"

Anakata, anapiga Bunda, anaambiwa kule katoni zimejaa mpaka mlangoni. Wakati huo wafugaji wa Butiama wameshageuka kurudi makwao mikono mitupu, wakimlaumu yeye.

Ndipo akawapata Abdulsalam na Yusto. Hawa walikuwa na ofisi ya chumba kimoja nyuma ya soko la Musoma. Walimfungia intaneti maduka yote, wakaleta kompyuta, wakaweka mfumo wa mauzo na stoo ambao kumbukumbu zake zinakaa mtandaoni, si ndani ya mashine. Kopo likiuzwa Butiama, Mama Machage analiona likipungua akiwa kwake Musoma. Friji za chanjo waliziwekea vipimajoto vinavyotuma ujumbe kwenye simu joto likipanda. Na kitu kikiharibika, wa kupigiwa ni wao tu.

"Usihangaike kumtafuta wa printa huku na wa mtandao kule," alisema Yusto, ambaye ndiye alikuwa msemaji wao. "Vyote ni sisi."

Mama Machage alikubali kuwajaribu kwanza. Mkataba wa kweli, alisema, watauzungumza akishajionea.

Abdulsalam, yule mwenzake Yusto, alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, hajaoa, na mama yake alikuwa amechoka kumuuliza. Mashine alizielewa kuliko watu. Yeye ndiye aliyepewa duka la Bunda kulifungia mfumo na kuwafundisha wahusika, na mhusika wa Bunda alikuwa Kudura.

Kudura alikuwa binti wa Mzee Hamduni, fundi makochi anayejulikana Bunda yote. Aliwahi kuolewa Mwanza, ndoa ikavunjika, akarudi kwa baba yake na sanduku moja. Watu walipoanza kumpa pole, aliwauliza kama wanataka kununua dawa au wamekuja kupumzika kivulini. Basi wakaacha. Alikuwa na ulimi mwepesi na mikono mepesi zaidi, na siku ile ya kwanza ya mafunzo alikuwa ameshajua kuingiza bidhaa kwenye mfumo kabla Abdulsalam hajamaliza kueleza.

Kazi ilikwama kwa mteja. Mfumo ulitaka kila mteja aandikwe jina, kijiji, namba ya simu na idadi ya ng'ombe. Akaja mzee mmoja kununua dawa ya kupe. Jina akataja, kijiji akataja.

"Una ng'ombe wangapi, mzee?" Abdulsalam akauliza, vidole vikiwa tayari.

Mzee akamwangalia kwa muda. Kisha akazirudisha pesa zake mfukoni polepole.

"Unataka kuwahesabu ng'ombe wangu ili iweje?"

"Ni kwa ajili ya mfumo tu, mzee."

"Huyo mfumo ni mtoto wa nani?"

Kudura alikuwa ameshaziba mdomo kwa mtandio asicheke. Akasogea mbele. "Baba, shikamoo. Hii lita moja ya dawa huwa inakuchukua muda gani?"

"Marahaba. Hiyo? Mwezi haufiki."

"Ahsante. Nimemaliza." Akamgeukia Abdulsalam. "Andika kwamba ni wengi."

Abdulsalam alikaa pale pale akafuta sehemu ya idadi, akaweka maneno matatu ya kuchagua: wachache, wa kutosha, wengi. Mzee akanunua dawa yake na akaongeza sindano. Jioni, Abdulsalam akiwa kwenye pikipiki, ameshapita Kiabakari anarudi Musoma, alijikuta anacheka peke yake ndani ya helmeti.

Hitilafu ya kwanza Bunda ilikuwa ya kweli kabisa. Printa ya risiti ilianza kukoroma na kutafuna karatasi. Kudura akapiga simu, Abdulsalam akaja, akaifungua, akamtoa mjusi mzima mzima aliyekuwa amejikunja pembeni ya karatasi. Mjusi akaruka kaunta. Kudura, ambaye alikuwa haogopi wazee wala madereva wa malori, akapanda juu ya kiti na kupiga kelele hadi muuza chapati wa jirani akaja mbio na mwiko.

Walicheka sana siku ile. Muuza chapati akawaletea chai. Abdulsalam, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, aliongea na mwanamke asiye ndugu yake mpaka chai ikapoa: kuhusu Bunda, kuhusu baba yake Kudura anavyoshika misumari mdomoni akifanya kazi, kuhusu jinsi yeye mwenyewe alivyowahi kufungua redio ya marehemu baba yake alipokuwa mdogo na kushindwa kuirudisha.

"Alikupiga?" Kudura akauliza.

"Alikaa karibu yangu. Akaniambia tuitazame pamoja, labda itatuambia."

Kudura alikizungusha kikombe chake mezani, akatabasamu huku akikiangalia.

Wiki iliyofuata simu ikaita. "Fundi, printa tena."

Abdulsalam alikuwa ofisini Musoma. Alifungua kompyuta yake kuangalia duka la Bunda, kwa kuwa mfumo ulimwezesha kuona kila kifaa kule kilivyo. Printa haikuwa mbovu. Ilikuwa imezimwa, tena kwa kitufe. Neno la kumwambia lilikuwa moja tu: washa. Alilifikiria neno hilo, akalimeza. Kisha akachukua begi lake la vifaa na kuwasha pikipiki.

Baada ya printa ikafuata intaneti. Abdulsalam aliona kabisa kutoka Musoma kwamba waya umechomolewa, na kwamba umechomolewa mchana, saa ambayo wateja hawapo, ili mauzo yasisumbuke. Akaja. Akaingia chini ya meza na tochi, akakaa huko kitambo, akatoka na vumbi kwenye nywele akisema nadhani sasa itakaa sawa. Kudura alimpa maji ya kunawa. Wakanywa chai. Printa ikazimika tena. Kisha kipanya kikakataa kutembea. Kisha ikaja siku Kudura alipopiga kusema kompyuta inatoa sauti asiyoielewa.

"Sauti gani?" aliuliza Abdulsalam.

"Siwezi kuiigiza kwenye simu. Mpaka uje uisikie."

Akaenda.

Yusto, mwenye mke na watoto wawili na mambo mengi kichwani, alianza kunung'unika. "Abdu, hiyo printa ya Bunda inakunywa mafuta kuliko lori. Si tuitupe tuweke nyingine?"

"Ni nzuri," Abdulsalam akajibu. "Inahitaji kuangaliwa tu."

Lakini walikuwa wamemsahau Mama Machage. Yeye hupita Bunda kila anapokwenda Mwanza kufuata mzigo, na kila anapopita hakosi kusimama dukani kwake. Mara ya kwanza alimkuta Abdulsalam chini ya meza. Mara ya pili alikuta miguu yake tu imetokeza. Mara ya tatu hakuuliza kitu. Alinunua chapati, akapanda gari lake akaondoka akiwa kimya, na watu wanaomjua Mama Machage wanaogopa kimya chake kuliko sauti yake.

Jumapili baada ya kanisa aliwaita vijana wote wawili nyumbani kwake Makoko. Akawapokea vizuri, akawapakulia sato wa kuchemsha na ugali wa muhogo, akawakataza kuongea kazi mpaka wamenawa. Walipomaliza akajifuta mikono.

"Wanangu, mimi kompyuta siijui. Ila kitu kinachotengenezwa kila wiki ni kibovu. Hapa Musoma mfumo unafanya kazi. Butiama unafanya kazi, hata Nicolaus na uzee wake anauweza. Bunda kila siku mgonjwa. Kwa hiyo ama kilichofungwa kule ni kibovu, ama mtu niliyemweka pale haiwezi kazi. Niambieni ni kipi, nijue cha kuondoa."

Yusto akafungua mdomo, lakini Abdulsalam alimtangulia, yeye ambaye hatangulii kusema popote.

"Ni sisi, mama. Dada Kudura anaijua kazi vizuri kuliko wote. Kosa liko kwetu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Mama Machage akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Umesema kweli kama mwanaume, nakushukuru. Basi nitawaacha mpaka mwisho wa mwezi. Nikirudi Bunda nikakuta hali ni ileile, nitatafuta wengine Mwanza waje wafunge mfumo upya maduka yote. Msinielewe vibaya. Nawapenda, ila duka ni duka."

Walipofika nje, kwenye njia inayoshuka kuelekea ziwani, Yusto akamshika mwenzake mkono.

"Yale uliyosema ni nini? Mfumo hauna kosa hata moja! Nimeuangalia mimi mwenyewe."

"Ningesema nini? Kwamba Kudura hajui kazi? Angefukuzwa."

"Ungesema ukweli!"

"Ukweli upi, Yusto?"

Yusto alitaka kujibu, kisha akamtazama usoni vizuri. Hasira ikamtoka kama upepo kwenye tairi. Akakaa juu ya jiwe.

"Mungu wangu," akasema. "Na mimi nilifikiri ni printa."

Abdulsalam akakaa pembeni yake.

"Umemwambia?"

"Hapana."

"Yeye anajua?"

"Sijui anajua nini. Naona anachomoa waya, basi."

Yusto akacheka bila kutaka, kisha akakumbuka mwisho wa mwezi, akaacha.

Habari ilimfikia Kudura kwa njia ya Butiama. Nicolaus, msimamizi wa duka la kule, alimpigia simu kuuliza bei ya chanjo, na kwenye kuagana akasema, "Wale vijana wanaondolewa mwisho wa mwezi, umesikia? Mama kachoka. Anasema Bunda hapakaliki, kila wiki hitilafu. Yule mpole kakubali mwenyewe kwamba makosa ni yao."

Kudura alishukuru, akaweka simu chini, akakaa juu ya gunia la chumvi ya ng'ombe. Alikuwa hajawahi kufikiria mbali hivyo. Kwake yeye kulikuwa na kitufe kidogo, na baada ya saa moja na nusu kulikuwa na sauti ya pikipiki nje. Hakuweza kumwalika mwanaume chai bila sababu. Bunda ni mji mdogo, na yeye aliyerudi kutoka kwenye ndoa alikuwa anatazamwa na macho mengi. Printa ilikuwa imempa sababu. Sasa kumbe sababu hiyo ilikuwa inamla yule yule aliyeitwa kwa ajili yake.

Akaacha kupiga. Printa ikapona. Mtandao ukapona. Ikapita wiki, ikaanza nyingine. Kule Musoma Abdulsalam alifungua kompyuta yake kila asubuhi na kukuta kila kitu cha Bunda kiko sawa, taa zote za kijani, na hakuwahi kuuchukia ubora wa kazi yake kama siku zile. Alichukua simu mara kadhaa. Angesema nini? Kwamba anapiga kuuliza kwa nini hakuna kilichoharibika?

Siku ya mnada umeme wa Bunda ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukakatika, ukarudi. Wakati huo duka limejaa. Kudura akasikia mlio mfupi nyuma, akanusa harufu ya plastiki iliyoungua, na friji ya chanjo ikanyamaza. Ndani yake kulikuwa na chanjo ya kideri iliyofika jana tu, ya kikundi cha akina mama wafuga kuku waliokuwa wanakuja kuichukua mchana.

Alishika simu. Jina la fundi lilikuwa la kwanza kabisa. Akaliangalia, akaona mwisho wa mwezi, akamwona Mama Machage akisema Bunda tena, akairudisha simu mfukoni.

Akamwomba muuza chapati amwangalizie kaunta. Alikimbia hadi linaposimama gari la samaki linalotoka Guta, akaomba barafu kwa mwenye gari, mtu mmoja mnene aitwaye Benson ambaye mbwa wake aliwahi kutibiwa kwa ushauri wa Kudura. Benson akamjazia ndoo, na furu wawili wakadondokea humo bila mtu kuwaona. Kudura akarudi, akaweka barafu chini kabisa ndani ya kasha la baridi, akatandika magazeti juu yake, akapanga chupa za chanjo, akafunika. Kisha akarudi kaunta kuhudumia watu huku viganja vikiuma kwa baridi.

Musoma, simu ya Abdulsalam ililia. Friji ya Bunda, joto linapanda. Akakaa akisubiri Kudura apige, na hakupiga. Akampigia yeye.

"Dada Kudura, habari za hapo?"

"Nzuri, fundi."

"Friji inaendeleaje?"

"Friji iko."

"Iko vipi?"

"Iko palepale. Imesimama."

"Huku naona ina joto."

Nyuma ya Kudura zilisikika sauti za wateja. "Haina shida," Kudura akasema, na sauti yake haikuwa ya siku zote. "Usije, kaka Abdul. Tafadhali usije."

Hakuwahi kumwita kaka Abdul kabla ya hapo. Abdulsalam alikata simu akiwa ameshasimama.

Alipofika, watu walikuwa wamepungua. Akamsalimia Kudura, Kudura akaitikia bila kuinua macho. Duka lilinuka samaki. Abdulsalam alikwenda moja kwa moja nyuma, akakuta kifaa cha kuikinga friji na umeme kimeungua hadi kuwa cheusi, na friji yenyewe salama. Kwenye begi lake alikuwa na kingine. Akakifunga. Friji ikatetemeka, ikaanza kunguruma. Walingoja ipoe, kisha wakahamisha chupa pamoja, moja moja. Ndani ya kasha, kwenye barafu, Abdulsalam akakuta furu.

"Na huyu naye ana chanjo?" akauliza.

Kudura alitaka kucheka, machozi yakatangulia. Akageukia ukuta, akajifuta kwa mtandio.

"Kwa nini hukunipigia?" Abdulsalam akasema taratibu.

"Kwa sababu nilishapiga sana." Akavuta pumzi. "Ile printa haikuwa mbovu. Baada ya yule mjusi haijawahi kuwa mbovu. Mimi ndiye nilikuwaga naizima. Na waya nilikuwa nachomoa mimi. Na ile sauti ya kompyuta haikuwepo."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Printa ikizimwa kwa kitufe naona. Waya ukichomolewa naona."

Kudura akageuka. "Tangu lini?"

"Tangu mara ya kwanza."

Uso wote wa Kudura ukawaka. "Ulikuwa unaniona kama sinema! Nakudanganya, wewe unanitazama tu! Unatoka Musoma hadi hapa, unaingia chini ya meza na tochi, unatafuta nini huko?"

Abdulsalam alikuwa ameshika bisibisi mikononi kana kwamba itamsaidia. "Ningekwambia washa, ungewasha," akasema. "Halafu mimi ningekuja kwa sababu gani?"

Kudura akabaki amemkodolea macho.

"Na chini ya meza pazuri," Abdulsalam akaendelea, kwa kuwa alikuwa ameshaanza na hakujua pa kusimamia. "Nilikuwa nakusikia unavyoongea na wateja. Yule bibi wa mbuzi. Yule anayekuja kila mara hanunui. Sijawahi kusikia mtu anaongea na watu vizuri hivyo."

Mteja akaingia akitaka dawa ya mchwa. Kudura akamhudumia, akamrudishia chenji, akamtakia safari njema. Risiti ikatoka bila shida yoyote. Mteja alipoondoka, akasema, "Kesho naenda Musoma."

"Kufanya nini?"

"Kumwambia Mama."

"Nimeshamwambia ni sisi. Mwache."

"Ndiyo maana naenda."

Mama Machage alimpokea stoo, katikati ya magunia ya chakula cha kuku, maana aliona usoni kwake kwamba jambo alilokuja nalo si la kaunta. Kudura hakukubali kukaa.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kukwambia kwamba mfumo si mbovu, na wale vijana hawana kosa. Ni mimi."

Akaeleza yote, mjusi, kitufe, waya, chai. Hakujipunguzia kitu. Mama Machage alisikiliza bila kumkatiza hata mara moja, na alipojibu alijibu kwa sauti ndogo ambayo Kudura hakujua kwamba anayo.

"Kwa hiyo mimi hapa nilikuwa natafuta watu Mwanza, kumbe printa yangu imekuwa mshenga."

Kisha akacheka. Wauza vitenge wakakatiza mazungumzo yao kusikiliza. Alicheka mpaka akashikilia gunia. Alipomaliza akajifuta macho na akawa mtu mwingine.

"Lakini umenikosea, mwanangu. Na wale umewakosea zaidi. Mimi ningewaondoa, na Musoma yote ingesema Mama Machage kawafukuza, kazi yao mbovu. Nani angewapa kazi tena? Ulifikiria hilo?"

"Sikufikiria, mama."

"Sasa fikiria. Simama hapo ufikirie kidogo."

Kudura akasimama, akafikiria. Ilikuwa adhabu nzito kuliko kelele.

"Basi," Mama Machage akasema baadaye. "Nicolaus kule Butiama bado anaandika kila kitu kwa kalamu kwanza, halafu ndipo anaingiza kwenye kompyuta. Analala amechoka. Utakwenda umfundishe, na ukimaliza huko utawafundisha hawa wa hapa. Mtu anayeweza kuuzima mfumo kila wiki na mauzo yasipungue, huyo ameuelewa. Kuanzia leo wewe ndiye utausimamia, maduka yote matatu."

Akatoa simu na sauti yake ya kawaida ikarudi. "Yusto! Njooni kesho tuongee mkataba. Eeh, wa kweli. Na mwambie huyo mwenzako wa chini ya meza, mafuta ya kwenda Bunda kuanzia sasa ni juu yake."

Wakakutana Butiama. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na baridi ya kule mlimani ilikuwa bado imekaa. Intaneti ya Butiama ilikuwa dhaifu kweli, na Abdulsalam alikuwa amepanda juu ya bati kusogeza antena, Kudura akiwa chini ameshikilia ngazi. Ndani, Nicolaus alikuwa anajaribu kuuza kopo la dawa bila kalamu, akihema kama mtu anayevuka mto.

"Ikoje huko ndani?" Abdulsalam akauliza kutoka juu.

"Bado inazunguka."

Akasogeza. "Na sasa?"

Kudura akachungulia mlangoni. "Imekamata. Shuka usije ukaanguka."

Hakushuka. Alikaa ukingoni mwa bati, miguu ikining'inia, akamwangalia.

"Dada Kudura. Nikiwatuma wazee Bunda, nitakuwa nimekukosea?"

Kudura alishika ngazi kwa mikono miwili. "Unajua nilishaolewa."

"Najua."

"Watu watasema."

"Watasema. Mimi sijazoea kusikiliza watu, nimezoea mashine."

Kudura aliinamisha kichwa akacheka, kisha akanyamaza kwa muda, na Abdulsalam kule juu akaanza kujuta kwamba hakushuka kwanza. Hatimaye Kudura akasema, "Baba yangu anapenda watu wanaokuja asubuhi, kabla hajaanza kazi. Akishaanza kugonga misumari hasikii mtu."

Wakaenda asubuhi. Abdulsalam alikuwa na baba yake mdogo na Yusto aliyevaa koti la harusi yake mwenyewe. Mama Machage hakualikwa, akaja, akaketi ndani na Bi Tausi, mama yake Kudura, na kabla chai haijachemka wakawa wanaongea kama waliolelewa nyumba moja. Nje, Mzee Hamduni alisikiliza maneno ya baba mdogo mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Abdulsalam.

"Huyu binti yangu ameshaumizwa mara moja. Mimi sitafuti mtu wa maneno. Nataka mtu atakayekaa naye, hata pale mambo yanapogoma. Wewe unaweza kukaa?"

"Naweza, mzee."

"Hajasema mengi," Mzee Hamduni akamwambia baba mdogo.

"Hasemagi," akajibu baba mdogo.

Mzee akainuka, akaingia ndani kumuuliza binti yake mwenyewe. Alikaa huko kitambo. Aliporudi hakusema ndiyo wala hapana. Alisema chai iletwe, na chapati, na kwamba mambo ya tarehe hayazungumzwi na watu wenye njaa.

Wakala, wakapanga. Yusto akawaomba radhi wote, akasema ana duka la kufungia mfumo Kiriba, akaondoka na baba mdogo. Mama Machage akaendelea na safari yake ya Mwanza. Mzee Hamduni akamwita Abdulsalam kwenye karakana, ambako kochi la watu wawili lilikuwa limesimama mbao tupu, akamwonyesha ashike upande wa pili wa kitambaa avute sawasawa. Wakavuta, wakagonga, hakuna aliyeongea. Kudura alipotoka na maji aliwakuta wameinama wote wawili, kila mmoja na misumari mdomoni, akasimama mlangoni na gilasi zake akingoja wamalize.